Je, kuendelea kutafuta mtoto wa kulea ni kushindana na qadari, yaani alilokadiria Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mke wa mtu hapa Arua. Tumekaa miaka mingi na mume wangu bila kujaaliwa mtoto, tukakubaliana tulee mtoto kutoka makao ya watoto. Tulikuwa tukimtembelea binti mmoja mdogo, akaanza kunizoea. Karatasi zilipokaribia kukamilika, bibi yake mzaa mama akajitokeza, akakabidhiwa yeye. Mwezi huohuo mume wangu akasimamishwa kazi. Mawifi wananiambia, "Mungu amekufungia mara mbili, unalazimisha nini?" Je, nikitafuta mtoto mwingine nitakuwa napingana na qadari? Na kulia kwangu usiku ni kukosa subira? Tena kuna aliyeniambia kwamba dini yetu imekataza kulea mtoto wa mwenzio.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu.

Machozi kwanza, maana hayo ni mepesi. Nabii Yaaqub alisema "subira njema" siku aliyoletewa kanzu yenye damu ya mwanawe Yusuf, kisha akamlilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Alipolaumiwa na wanawe alijibu: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu" (Qur'ani, sura ya Yusuf, aya ya 86). Lia. Mshitakie Yeye.

Sasa hilo la mawifi. Nani aliwafunulia kwamba mlango umefungwa? Qadari ya jambo huijui mpaka jambo liwe. Mtume (rehema na amani zimshukie) ametufundisha katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim: fanya pupa kwa lenye kukunufaisha, taka msaada kwa Mwenyezi Mungu, wala usilegee; na likikusibu jambo usiseme "lau ningefanya hivi na hivi", bali sema Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Tazama mpangilio wake. Pupa imetangulia, na neno la qadari limekuja baada ya jambo kumpata mtu. Basi kuhusu yule binti aliyekwenda kwa bibi yake, sema amekadiria. Kuhusu mtoto ambaye bado hujamwona, bidii na dua. Mawifi zako wamelichukua neno la yaliyopita wakalifungia yajayo, na wengi wetu hufanya hivyo, hata juu ya mimbari.

Ukitaka mfano wa mtu aliyekuwa katika hali yako, usiende mbali na Zakaria. Watu hukumbuka tu kwamba aliomba mtoto uzeeni akapewa Yahya. Soma sura ya Aali Imran kuanzia aya ya 37. Mzee huyu ambaye hakuwa na mtoto alikuwa mlezi wa Maryam, mtoto wa watu wengine, na kazi hiyo hakuipata kirahisi: wazee waligombania nani amlee, wakatupa kalamu zao kupiga kura. Kila alipoingia kwake mihrabuni alimkuta na riziki. Akamuuliza, "Ee Maryam, unaipata wapi hii?" Akajibu, inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Aya inayofuata inasema: hapo hapo Zakaria akamwomba Mola wake. Alikuwa akilea na huku akitamani, na Mwenyezi Mungu hakumwambia achague moja. Mimi sikuahidi kwamba ukilea utazaa. Hilo Mwenyezi Mungu hajatuahidi, na anayekuambia hivyo anakuuzia matumaini. Nakuonyesha tu kwamba hamu yako haina aibu.

Kuna neno moja gumu, nisamehe. Bibi kumchukua mjukuu wake si mlango uliofungwa usoni mwako. Ni haki ya mtoto. Jamaa wa damu akiwepo, akiweza na akiwa mwema, yeye ndiye wa kwanza. Mtoto anayelelewa ni amana, hakuletwa duniani kufuta mtihani wetu, na nia ikikaa hivyo hata safari ya kusubiri hupungua uchungu. Mwombee yule binti.

Kuhusu katazo, aliyekuambia amechanganya mambo mawili. Kulea yatima au mtoto aliyetupwa ni ibada kubwa. Mtume alisema yeye na mlezi wa yatima watakuwa Peponi hivi, akaonyesha kidole cha shahada na cha kati. Kilichokatazwa katika sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, ni kumfanya kana kwamba ni wa damu yako na kumfutia nasaba. Hata Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la baba yake Haritha. Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa makabila mengi jina la mtu hueleza ukoo wake. Ukilificha umemnyang'anya watu wake.

Kwa hiyo mwone wakili. Amri ya mahakama ya kuasili humhesabu mtoto kama aliyezaliwa na ninyi, na kabla yake sheria inataka muda wa malezi chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii. Lakini upo pia ulezi wa kisheria, unaoombwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 hupewa raia wa Uganda tu. Huo uko karibu zaidi na dini yetu. Kuhusu kazi ya mume, subirini kwanza kipato kitulie. Afisa atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kusubiri huko si kukata tamaa.

Yabaki mawili ya nyumbani. Mtoto wa kulea akibaleghe si maharimu kwenu, yaani si jamaa ambaye ndoa naye imeharamishwa. Akiwa chini ya miaka miwili, kunyonyeshwa mara tano za kushiba, kwa madhehebu ya Shafi tunayoifuata wengi hapa, huondoa tabu hiyo: wa kiume anyonyeshwe na dada yako, uwe mama yake mdogo, wa kike anyonyeshwe na dada wa mume, mume awe mjomba wake. Hapo ndipo mawifi watakapokuwa na kazi ya maana.

La pili ni mali. Hatawarithi, ila mnaweza kumuusia hadi theluthi, au kumpa zawadi mkiwa hai na wazima. Wasia uandikeni mapema, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na jamaa wa mume waambiwe mkiwa bado mpo.

Wallahu a'lam.