Maswali ya Wasomaji: Siku zinafanana, nistaajabie nini?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Siku zangu ni zile zile: chumba, cherehani, chumba. Naambiwa maisha hupata maana mtu akijifunza kustaajabia vitu vidogo. Nimejaribu kukaa nikitazama maua na machweo, lakini dakika mbili hazipiti nimeshachoka. Nakosea wapi?
Fundi, Tanga

JIBU: Kuchoka si kosa. Tatizo ni kuungoja mshangao uje kwa kukodoa macho tu. Mtu hushangaa pale alipotarajia hili likatokea lile, na huwezi kutarajia lolote kwa kitu usichokifuatilia. Kwa hiyo achana na maua. Chagua kitu kimoja kinachobadilika kwa mpango, ukifuate mwezi mzima. Wewe uko Tanga: fuata maji.

Tafuta ngazi za gati au nguzo inayofikiwa na bahari. Nenda kila siku saa ile ile, tuseme saa kumi na moja jioni, dakika 10 zinatosha. Daftarini andika tarehe, ngazi zilizo kavu, na umbo la mwezi. Ila kabla hujafika, kisia idadi ya ngazi na uiandike. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana wiki ya pili hawaendi tena: asiyekisia hakosei, na asiyekosea hana la kumshangaza.

Utaona maji yanachelewa kila siku kwa wastani wa dakika 50, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza. Baada ya wiki moja, saa uliyokuta yamejaa utakuta yamekupwa. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu huja bamvu, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti kama mita 1 tu.

Halafu kuna hili: siku za bamvu pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Haibadiliki mwaka mzima, na wachokoa pweza hupanga asubuhi zao kwa hilo. Ni kwa sababu bamvu huja pale jua na mwezi vinapovuta kwenye mstari mmoja, hivyo saa ya mwezi na saa ya jua hukutana pale pale kila mara.

Simu iache mfukoni. Ukishapiga picha huhesabu tena ngazi. Ukikosa siku, acha nafasi tupu, usijaze kwa kubuni. Na kama hamu ya kila kitu imekwisha, huli wala hulali vizuri kwa wiki mbili au zaidi, hilo si la daftari. Nenda kituo cha afya.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku, bahari sina. Nifuate nini?
Mlinzi, Dodoma

JIBU: Una kitu ambacho fundi wa Tanga hana: saa kumi na mbili za anga. Chora alama chini, usimame hapo kila usiku. Chagua nyota moja kali, andika saa inapogusa pembe ya ukuta au ncha ya paa. Kesho itawahi dakika 4. Kwa wiki karibu nusu saa, kwa mwezi saa mbili. Mwezi unachelewa, nyota inawahi, na vyote viko juu ya paa lile lile.

Hesabu ikikataa, huenda umechagua sayari. Sayari hutulia bila kumetameta sana na huhama taratibu kati ya nyota jirani. Taa nazo huharibu: geukia mbali nazo dakika 20, tochi ifunike kitambaa chekundu.

Ukizoea, tafuta Kilimia, nyota ndogo sita au saba zilizobanana. Novemba huchomoza jua likizama, mashariki kuelekea kaskazini kidogo. Mwezi Mei humezwa na mwanga wa jua. Juni hurudi alfajiri, kabla hujakabidhi lindo. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa masika ya pwani hesabu hiyo inakaa sawa. Ya Dodoma ipime mwenyewe: ongeza safu ya mvua daftarini.