Mtoto anayeogopa giza ndani ya planetariamu
Mtoto wako wa miaka minne anaogopa giza, nawe unajiuliza kama umpeleke planetariamu, ule ukumbi wa kuonyesha nyota kwenye dari la kuba? Mpeleke tu, miaka minne inatosha, ila chagua onyesho la watoto; yale ya wakubwa yana maelezo mengi mno, atachoka. Giza lenyewe haliwi la ghafla: taa hufifia polepole, kisha nyota zinajaa kwenye kuba juu yenu. Mwambie hivyo mapema, aisubiri hiyo hatua badala ya kushtuka. Kaeni safu za nyuma karibu na mlango. Huko mnaona kuba karibu lote bila kukunja shingo, na akilia mnatoka bila kukanyaga watu. Anga likianza kuzunguka akasikia kizunguzungu, afumbe macho kidogo. Kiti hakijaenda popote. Na vile viatu vinavyowakawaka taa, tafadhali, viacheni nyumbani!