Cassandra: nodi 3, kila moja inajiona peke yake

Habari mkuu. Seva zako 3 za wingu zenye Cassandra (hifadhidata inayogawanywa kwenye seva kadhaa, kila moja ikiitwa nodi) zimewaka, ila amri ya nodetool status kwenye kila moja inaonyesha mstari mmoja tu wa UN (nodi iko hewani na iko sawa), yaani hazijaungana kuwa klasta moja, kundi la nodi.

Anza na faili la mipangilio, cassandra.yaml. listen_address (anwani ambayo nodi nyingine huitumia kuifikia) ikibaki localhost, nodi haiwezi kuongea na wenzake. Weka IP ya ndani ya seva husika. Seeds (orodha ya nodi ambazo nodi nyingine huanza kuzitafuta ili kujiunga) iwe ileile kwenye zote 3. Ukiipa kila nodi IP yake yenyewe kama seed, unapata klasta 3 za nodi mojamoja. Fungua poti 7000, wanayotumia kuongea, kati yao, kwa IP za ndani tu tafadhali.

Kinachosahaulika: nodi zimeshahifadhi klasta ya zamani kwenye diski. Kama hakuna data ya maana, zizime, futa yaliyomo kwenye folda za data, commitlog na saved_caches ndani ya /var/lib/cassandra. Washa seed kwanza, subiri UN, ndipo inayofuata.