Sigara za Kuba na unyevu wa Unguja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini zile sigara nene za Kuba ulizoletewa zinaungua upande mmoja na kuzimika mkononi, na vipi muandike maoni juu ya ladha yake mkikaa na wenzako barazani hapo Mji Mkongwe.

La kwanza ndilo zito. Wenzetu wa nchi za baridi huhangaika kuongeza maji kwenye kisanduku cha kuhifadhia sigara. Sisi, masika hasa, unyevu unatuzidi, ndio maana zinaungua vibaya. Zinataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 mpaka 70. Anza kwa kuhakiki kipimo chako cha unyevu: tia chumvi kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama tope, uifungie pamoja na kipimo kwenye mkebe usiopitisha hewa, usiku kucha. Asubuhi kisome 75. Changu kilisoma 69, yaani chini ya unyevu halisi, nami nilishakiamini mwaka mzima. Boksi zima likaota ukungu.

Ukiona kitundu kama cha sindano, huyo ni mdudu wa tumbaku, joto letu humuangua. Zifunge ndani ya mfuko, uziweke frizani siku tatu, kisha friji siku moja ndipo uzitoe.

Maoni yaandikeni kwa theluthi: mwanzo, kati, mwisho, kwani ladha hubadilika. Semeni kwa vitu mnavyovijua: karafuu iliyoanikwa, kahawa chungu, ngozi ya makubadhi mapya. Kila mtu aandike kabla ya kusikia la mwenzake.

Moshi uishie mdomoni, usivutwe kifuani. Hata hivyo madhara yapo. Mimi moja kwa wiki yanitosha, wala siwashi mbele ya watoto.