Mafuta ya saa za springi: maswali yenu

Nina mafuta ya cherehani, mepesi na safi. Yanafaa kwa saa ya marehemu baba? (Tanga)

Hayafai, ndugu yangu. Cherehani hutiwa mafuta kila mara. Saa hutiwa leo ikakaa miaka. Mafuta ya cherehani hutambaa, yakahama kwenye kito, kijiwe kigumu kinachoshika mhimili, na kuacha ncha ya mhimili ikisagika kavu. Na WD-40, ile dawa ya kupuliza, usiisogeze karibu kabisa. Ikifika kwenye springi nyembamba ya balansi (gurudumu linaloyumba kupimia muda), mizunguko ya springi hiyo hugandana na saa huanza kukimbia mbele.

Fedha yangu inatosha chupa tatu tu. Ninunue zipi? (Nakuru)

Jikaze ufikishe nne, maana kila sehemu ya saa ina mwendo wake. Balansi ya saa nyingi za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, kwa nguvu ndogo mno. Mafuta mazito yataidhoofisha. Hapo weka 9010 ya Moebius, kampuni ya mafuta ya saa, hayo hayo na kwenye gurudumu la mwisho linalosukumwa na kuzuiwa. Gurudumu la kati, karibu na springi kuu inayoiendesha saa, huenda polepole lakini hubeba mzigo, kwa hiyo linataka mafuta mazito: HP1300, au D5 ambayo mafundi wengi wa zamani wameizoea.

Ya tatu ni 9415, ya vito viwili vya uma unaozuia gurudumu la mwisho. Ni grisi ya ajabu: ikigongwa hulainika, pigo likipita hushikamana tena, haitawanyiki. Ni ghali, na mimi singeiacha, kwa sababu hapo ndipo saa inapopata au kupoteza nguvu. Ya nne ni grisi ya 8200 kwa springi kuu.

Lakini saa isiyooshwa usiitie mafuta. Mapya juu ya yaliyoganda huwa uji wa kusagia vyuma.

Hiyo 8200 inatosha hata kwenye otomatiki, saa inayojijaza mkononi? (Muscat)

Kwenye springi yenyewe, sawa. Kwenye ukuta wa ndani wa ngoma yake, kile kikopo springi inamokaa, hapana. Springi ya otomatiki huteleza ikijaa, ila isiteleze kabla ya kujaa, la sivyo saa italala usiku. Paka 8217 ukutani, ambayo hushika kwanza ndipo iachie.

Mtandaoni naona mafuta ya Moebius kwenye sindano ndogo, bei ya kutupa. Ninunue? (Dar es Salaam)

Hapana. Huwezi kujua yamemiminwa kutoka chupa gani, wala lini. Nunua chupa iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho, kwa muuzaji wa vifaa vya mafundi saa. Nauli ndiyo huumiza, basi agizeni pamoja mafundi wawili watatu. Mililita 2 za 9010 huhudumia saa nyingi mno. Ikifika, iweke gizani, mbali na joto la dirishani. Mimina tone kwenye kikombe cha mafuta. Kijiti cha kutilia mafuta kisiingie chupani.

Kila kito kipate tone? (Bujumbura)

La. Ncha za mhimili wa ule uma ziache kavu. Unayumba kidogo tu huku na huku, na mafuta yataukawiza bure.