Jibu: Nimeuza korosho mnadani, natoa zaka kiasi gani?

Waalaykum salaam mkuu. Umesema korosho zako za Tandahimba zimeuzwa, hela imeingia benki, ustadhi mmoja kakwambia utoe fungu la kumi, mwingine kasema hudaiwi kitu. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi huku Kusini, iko hivi.

Korosho si chakula kikuu cha kuweka akiba, haina zaka ya mazao. Aliyekwambia kumi kachukua kauli ya Hanafi, madhehebu mengine. Fungu la kumi linagusa mahindi, mtama, mpunga. Pura, pepeta, kausha, ndipo upime kwa pishi (vibaba vinne), maana kipimo cha sharia ni ujazo. Zikifika pishi 300, karibu kilo 650 za nafaka kavu, zaka imewajibika. Mpunga wenye maganda ni pishi 600. Shamba la mvua unatoa moja ya kumi, la kumwagilia kwa gharama nusu yake. Usitoe kwanza hela ya vibarua na mbegu, hapo ndipo wengi wanateleza.

Hela ya korosho ni zaka ya mali. Inatakiwa ifike nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) na ikae mwaka wa mwandamo, siku 354. Ulichokwishanunulia salfa (dawa ya mikorosho), ada za watoto au bati kabla ya mwaka kutimia hakimo. Salio likishuka chini ya nisabu katikati, mwaka umekatika, unaanza kuhesabu upya. Mwaka ukitimia, gawa salio kwa 40: milioni 8 inatoa laki 2. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu au 595 za madini ya fedha. Muulize sonara bei ya siku ile. Mimi naona ushike ya fedha, ni ndogo na fukara anapata zaidi.

Mfanyabiashara anathamini mzigo wote uliopo ghalani kwa bei ya soko, anajumlisha na taslimu, anagawa kwa 40. Ila faida ya kangomba, ya kumfuata mtu mwenye njaa na kuchukua korosho zake zikiwa bado maua, haisafishwi na zaka. Mrudishie mwenyewe haki yake kwanza.

Wa kupewa ni makundi manane ya Suratut Tawba aya ya 60. Wazazi, watoto na mke unaowalisha usiwahesabu humo. Kaka fukara au shangazi mjane wanafaa, tena waanze wao. Bati za msikiti, kisima, pilau ya maulidi: zote sadaka njema, si zaka. Na laki 2 ukizigawa mia tano mia tano kwenye foleni, hakuna anayenunua hata debe la mahindi. Wape watatu wanne, usiku, bila simu ya kupiga picha.

Nia uiweke pale unapozitenga au unapozikabidhi. Ukikumbuka baada ya kutoa, hiyo imekuwa sadaka na zaka bado unadaiwa.