Maswali ya Wasomaji: Binti Anahamia Buffalo, Apange Nyumba Ipi?

*Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mkwe wangu amepata grini kadi kwa bahati nasibu. Yeye, binti yangu na watoto wao wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu, wanahamia mji wa Buffalo, jimbo la New York. Kijana wangu amenisomea kwenye simu kwamba familia ya huko hupata kama dola 48,000 kwa mwaka, na kwamba nyumba zake ni za bei nafuu kuliko miji mingi ya Marekani. Tumezidisha, tukapata zaidi ya shilingi milioni 6. Jamaa yake mkwe wangu amewatafutia ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, upande unaoitwa East Side. Je, huo ni mji wa matajiri? Na mbona nyumba zake ni rahisi hivyo?*

Waaleikum salaam, mama yangu, na hongera kwa safari ya wanao. Nimefundisha jiografia miaka mingi hapa Malindi, na barua ya namna hii huniondolea usingizi, kwa sababu kuna watoto ndani yake. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho.

Buffalo ilikuwa bandari. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, mizigo ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ilipata njia ya maji hadi mto Hudson na jiji la New York, na Buffalo ndiyo iliyokaa mlangoni. Nafaka zilipakuliwa hapo, baadaye vikaja viwanda vya chuma. Mwaka 1950 mji ulihesabu watu 580,132. Kisha mwaka 1959 ikafunguliwa njia ya meli ya mto St. Lawrence, itokayo maziwa hayo hadi baharini, meli kubwa zikawa zinapita bila kutia nanga Buffalo. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa bandari inakuwaje meli zikianza kwenda kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna, mji wa jirani, kikazima karibu kazi zake zote. Wazungu wengi walikuwa wameshaanza kuhamia vitongoji vya nje. Kufika 2010 walibaki watu 261,310, chini ya nusu ya wale wa 1950.

Watu waliondoka, nyumba zikabaki. Ndiyo sababu ya unafuu ule. Nyumba ya kununua Buffalo huuzwa karibu nusu ya bei ya kawaida ya nchi nzima, lakini bei hiyo ni ya mji uliotolewa watu wake, na nyumba zenyewe ni kuukuu: zaidi ya nusu zilijengwa kabla ya 1940. Ile aliyoiona jamaa yenu, ya familia moja chini na nyingine juu, ndiyo sura ya mji mzima. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani.

Sensa ya 2020 ilikuta watu 278,349. Ilikuwa mara ya kwanza mji kuongezeka tangu 1950, na kwa kukupa kipimo, ni karibu mara mbili ya watu wote wa kaunti yetu ya Lamu, ambao mwaka 2019 walikuwa 143,920. Sehemu kubwa ya ongezeko ni wageni: Waburma, Wasomali, Wakongo, na Wabangladeshi waliohama jiji la New York wakanunua nyumba tupu za East Side na kuzifufua kwa mikono yao. Upande wa West Side, barabara ya Grant Street, binti yako atasikia Kiswahili cha Kongo. Baadhi ya makanisa ya zamani ya Wapoland huko East Side leo ni misikiti. Nalitaja hili kwa sababu najua ndilo ungeniuliza katika barua ya pili.

Sasa dola 48,000. Hicho ni kipato cha katikati: zipange kaya zote za mji kutoka maskini hadi tajiri, kisha isome ile iliyosimama katikati kabisa. Nusu ya kaya ziko chini yake. Na kaya ni watu wote wa nyumba pamoja, mume, mke, na kijana anayefanya kazi. Kwa Marekani nzima, kipato cha katikati mwaka 2023 kilikuwa dola 80,610. Kwa hiyo Buffalo si mji wa matajiri, mama. Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne anaishi chini ya mstari wa umaskini wanaouweka wenyewe, na kwa watoto hali ni mbaya zaidi, kupita mmoja kati ya watatu.

Tafadhali acheni kuzidisha kwa shilingi. Dola ya Buffalo inanunua maziwa ya Buffalo. Fanyeni hesabu hii badala yake. Kuanzia Januari 2026 mshahara wa chini kabisa katika sehemu hiyo ya jimbo ni dola 16 kwa saa. Mkwe wako akianza kwa kiwango hicho, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kukosa, atapata dola 33,280, yaani kama 2,770 kwa mwezi. Kabla hajaishika, asilimia 7.65 hukatwa kwa ajili ya pensheni ya uzeeni na matibabu ya wazee, halafu ushuru wa mapato. Kodi ya kawaida ya nyumba mjini humo ni karibu dola 1,000 kwa mwezi. Serikali yao huhesabu kwamba kaya inayotoa zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa nyumba imelemewa. Kwa mshahara mmoja wa dola 16, asilimia 30 ni dola 832. Basi wamelemewa tangu mwezi wa kwanza, na bado gesi ya kupashia joto. Binti yako naye akipata kazi, mambo yanabadilika kabisa. Jambo la kuzungumza nao kabla hawajapanda ndege ni nani atabaki na yule wa miaka mitatu, kwa sababu malezi ya kulipia huko hula mshahara.

Kuhusu East Side nitasema wazi. Barabara ya Main Street inaukata mji sehemu mbili: magharibi yake Wazungu wengi na mapato makubwa zaidi, mashariki yake Wamarekani Weusi na umaskini mwingi zaidi. Hilo halikutokea lenyewe. Miaka ya 1930 ramani za mikopo za serikali zilipaka rangi nyekundu mitaa iliyoonwa kuwa hatari, na mikopo ya nyumba ikawa haiingii. Miaka ya 1960 barabara kuu ya Kensington ilichimbwa katikati ya Humboldt Parkway, bustani ndefu yenye miti ambako familia nyingi za Weusi zilikuwa zimetulia. Tarehe 14 Mei 2022 mbaguzi mwenye bunduki aliwaua watu 10, wote Weusi, katika supamaketi ya Jefferson Avenue. Duka lilipofungwa kwa miezi miwili, wakazi wengi hawakuwa na pengine karibu pa kununua mboga. Duka moja tu, na mitaa yote ile ikalitegemea! Sikuambii binti yako asiishi East Side. Majirani wema wako huko, na misikiti iko huko. Ninachosema ni kwamba namba ya mji mzima haitamwambia chochote kuhusu mtaa wake. Aombe anwani kamili, kisha aangalie takwimu za eneo dogo la sensa, ambalo huwa na watu kama 4,000 hivi, na aulize duka la chakula na kituo cha basi viko umbali gani. Reli ya mji ni njia moja tu, inafuata Main Street. Desemba 2022 tufani ya theluji iliua zaidi ya watu 40 katika kaunti yenye mji huo, na wengine walikutwa nje wakiwa njiani. Umbali wa duka huko si suala la starehe.

Lakini kama binti yako atasoma aya moja tu ya jibu langu, aisome hii. Nyumba ya mbao iliyojengwa kabla ya 1940 karibu kila mara imewahi kupakwa rangi yenye madini ya risasi. Rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, ila iliyokwisha kupakwa bado iko chini ya tabaka mpya. Madirisha ya huko hupandishwa na kushushwa, mbao husuguana, vumbi linaanguka kwenye kizingiti, mtoto wa miaka mitatu anashika na kutia mkono mdomoni. Sumu hiyo huathiri ubongo, nayo haionekani kwa dalili za haraka. Sheria inamtaka mwenye nyumba wa jengo lililojengwa kabla ya 1978 awape wapangaji maelezo ya maandishi juu ya rangi hiyo kabla ya kutia saini. Asipoyatoa, wayadai. Wakague kila dirisha, na wakikuta rangi inabanduka wasiikwangue wenyewe, maana kukwangua ndiko kunakolisambaza vumbi. Wafute vizingiti kwa kitambaa kibichi. Na wakishafika, mdogo apimwe damu. Jimbo la New York linawataka madaktari wapime kila mtoto akiwa na mwaka mmoja na tena akiwa na miwili. Huyu amepita umri huo bila kipimo, hivyo mama amwombe daktari mwenyewe.

Mawili ya pesa, kwa haraka. Tangu 2019 sheria ya jimbo inamkataza mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kumchunguza mpangaji isizidi dola 20. Anayetaka miezi mitatu kwa sababu “nyinyi ni wageni” anavunja sheria. Na joto la ghorofa ya juu linalipwa na nani? Liandikwe kwenye mkataba. Wakilemewa na bili, upo mpango wa HEAP unaosaidia kaya zenye kipato kidogo.

Wasitume pesa yoyote kutoka Lamu kabla jamaa yao hajaingia ndani ya nyumba hiyo na kufungua kila mlango.

*Mwalimu, mimi ni kijana wa Barani, Malindi. Hao Wamarekani wanajuaje kipato cha kila nyumba? Hapa kwetu nani atamwambia mgeni anapata ngapi? Na watu hawadanganyi?*

Kijana wangu, sensa yao kuu hufanywa kila miaka kumi tangu 1790, na katiba yao ndiyo iliyoiagiza. Lakini hiyo haiulizi kipato. Kipato na kodi ya nyumba hutoka kwenye uchunguzi mwingine wa kila mwaka, ambao hupelekwa kwa anwani kama milioni 3.5 zilizochaguliwa nchini kote. Kwa hiyo kila namba ni makadirio, na huchapishwa pamoja na kiwango cha kukosea. Kwa maeneo madogo hujumlisha majibu ya miaka mitano ili yawe na uzito. Ukiona mtaa mmoja una kipato cha dola 31,000 na wa pili 33,000, usiseme wa pili umeendelea.

Wapo wanaopunguza, bila shaka. Kinachosaidia ni kwamba sheria yao inafunga majibu ya mtu binafsi kwa miaka 72. Karatasi za sensa ya 1950 zilifunguliwa Aprili 2022, si kabla. Sensa yetu ya Agosti 2019 iliuliza nyumba yako ina ukuta wa nini, paa la nini, sakafu ya nini, na ukuta wa udongo chini ya paa la makuti unasema mengi ambayo mdomo hauyasemi. Huko hawahitaji kuuliza paa. Wanauliza nyumba ilijengwa mwaka gani, na kwa mji kama Buffalo naliona hilo kuwa swali bora kuliko la kipato.

*Mimi ni baba wa Mkomani, Lamu. Mwanangu anasoma huko na ameletewa fomu inayouliza rangi yake. Sisi ni Waswahili, bibi yake ana asili ya Hadhramaut. Ajaze nini?*

Ajaze anavyojijua mwenyewe. Hakuna atakayempima ngozi. Jibu ni la mhojiwa, na tangu 2000 anaruhusiwa kuchagua zaidi ya kundi moja. Kwa maana za zamani za serikali yao, mtu wa asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini alihesabiwa Mweupe, jambo lililowakera wengi, nami naona walikuwa na haki. Machi 2024 serikali ilitoa viwango vipya vyenye kundi la watu wa asili hiyo peke yao, lakini ofisi zimepewa muda wa kubadilisha fomu, kwa hiyo huenda fomu yake bado ni ya zamani. Kwenye kundi la Weusi fomu ya sensa ya 2020 iliacha nafasi ya kuandika asili kwa mkono. Kama yake inayo nafasi hiyo, aandike Mswahili wa Kenya, kwa herufi zinazosomeka, kisha na bibi yake amtaje pale panapomhusu.